Madoadoa ya njiwa wa mjini yametoka wapi?

Ukipita sokoni au stendi ya basi, waangalie njiwa mabawani. Wengine ni wa kijivu wenye mistari miwili myeusi. Wengine wana madoadoa kibao, hadi bawa zima linakaribia kuwa jeusi. Wachache hawana mstari wala doa. Lakini wanaoana na kutaga bila kujali mavazi, maana wote ni spishi moja: Columba livia, njiwa wa majabali ya Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya Magharibi, aliyeanza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita. Waliotoroka mabandani wakaona kingo za maghorofa hazina tofauti na majabali, wakahamia.

Charles Darwin, ambaye naye alifuga njiwa, aliandika mwaka 1859 kwamba ukizalisha aina tofauti za njiwa wa kufugwa, mistari miwili huweza kujirudia kwa wajukuu. Huo, alisema, ni urithi wa babu wa mwituni. Sawa kabisa. Na madoadoa je?

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliifuatilia michoro hii hadi kwenye jeni moja iitwayo NDP. Kwa njiwa wa madoadoa, kando ya jeni hiyo kuna kipande cha DNA kilichojirudia. Nakala zikizidi, weusi nao unazidi. Sasa utamu uko hapa: DNA ya eneo hilo inafanana mno na ya njiwa mwingine kabisa, Columba guinea, yule mwenye duara jekundu kuzunguka jicho, anayeishi kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kumbe njiwa wa majabali, akiwa tayari amefugwa, alizaa na jamaa yake wa Kiafrika. Vizazi vikapita, urithi mwingine wa Kiafrika ukafifia, madoadoa yakabaki.

Hao wasio na mstari wala doa wana kasoro mwanzoni mwa NDP yenyewe, pale seli inapopaswa kuanza kusoma maelekezo ya kutengeneza protini. Wafugaji wamekuwa wakisema njiwa hawa huwa na shida ya macho. Si uzushi: kwa binadamu, NDP ikiharibika huleta ugonjwa wa Norrie, upofu wa kurithi unaowapata hasa watoto wa kiume. Na kasoro ileile ya njiwa imewahi kukutwa katika familia mbili za watu wenye upofu huo.