Ahadi ni Deni: Barua Pepe na Kalenda Katika Utaratibu wa Nyumba



Wasomaji wetu wapendwa, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, muda wake utajwe, na wawepo mashahidi. Wazee wetu nao wakasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeyatanguliza haya kwa sababu wiki hii tunataka kulizungumzia daftari lililomo ndani ya simu zetu, ambalo wengi wetu tunalo na wachache tunalitumia.

Katika nyumba nyingi, daftari ni kichwa cha mama. Yeye ndiye anayejua siku ya kliniki ya mtoto, siku ya mwisho ya kulipa ada, mtihani wa madrasa, posa ya mpwa wake, na buibui la mteja lililoahidiwa kabla ya Idi. Akiugua au akisafiri siku tatu, nyumba nzima huyumba. Wakati huohuo barua za shule, za pasipoti na za kazi siku hizi huletwa kwa barua pepe, nazo hulala chini ya mamia ya matangazo ya biashara. Inasikitisha kijana kukosa nafasi ya masomo, si kwa kuwa alinyimwa, bali kwa sababu barua ya kumwita ilionekana baada ya muda kupita.

Haya tunayoyaeleza yanapatikana bila malipo katika Gmail na Kalenda ya Google, ambazo huwa tayari katika simu nyingi. Wanaotumia Outlook watayakuta mengi yao huko pia.

Kikasha si stoo

Kikasha ni mahali pa kupokelea barua, si pa kuzihifadhia. Tuchague nyakati mbili kwa siku, tuseme asubuhi watoto wakishaondoka na jioni baada ya Alasiri, tukisome kisha tukifunge. Kila barua tuifanyie jambo moja kati ya manne: tuijibu ikiwa jibu lake ni fupi, tuifute ikiwa haina faida, tuiweke kwenye kumbukumbu ikiwa itahitajika baadaye, au tuiahirishe. Kuahirisha ni kuiambia programu iiondoe barua hiyo kikashani na kuirudisha siku na saa tutakayoitaka. Barua ya ada iliyoingia tarehe 10 inaweza kurudi yenyewe tarehe 28, mshahara ukiwa umeingia.

Matangazo ya maduka tunayoyajua tuyakomeshe kwa kubonyeza neno la kujiondoa, ambalo kwa kawaida huwa chini kabisa ya barua. Ila tusilibonyeze katika barua ya mtu tusiyemjua, kwani huenda tukamthibitishia tapeli kuwa anwani yetu ina mwenyewe. Hiyo tuitie alama ya barua taka. Na folda ya barua taka nayo tuipitie mara moja kila wiki, kwa sababu wakati mwingine barua ya haki hutupwa humo kimakosa, na Gmail hufuta yaliyomo humo baada ya siku 30.

Barua zinazotoka mahali pamoja kila mara, kama shule au benki, tuziwekee kichujio. Tukikaa kwenye kompyuta mara moja, tunaweza kuamrisha kuwa kila barua inayotoka anwani ya shule ipewe lebo ya "Shule" na isitupwe kamwe katika barua taka. Kichujio hakitengenezwi ndani ya programu ya Gmail ya simu, lakini kikishatengenezwa hufanya kazi hata tusomapo kwa simu.

Tuangalie pia nafasi. Akaunti ya Google hupewa GB 15 bila malipo, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua, picha na mafaili. Ikijaa, barua mpya haziingii, na aliyetuandikia hurudishiwa yake. Tukiandika "larger:10M" katika sehemu ya kutafutia, barua zote zenye viambatisho vizito zitajitokeza, nasi tutachagua za kufuta.

Tunapoandika, kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe. "Risiti ya ada, muhula wa pili" itapatikana hata baada ya miaka mitatu. "Habari" haitapatikana kesho. Na kwa kuwa ulimi huteleza na kidole nacho huteleza, tuiweke Gmail itupe sekunde 30 za kutendua barua tuliyokwisha kuituma. Kwa kawaida hutoa sekunde 5 tu.

Kalenda moja, macho mengi

Manufaa makubwa kuliko yote ni kufungua kalenda ya pili katika akaunti, tuiite "Nyumbani", kisha tumshirikishe baba, mama na watoto waliokwisha kukua. Kazi hii hufanyika kwa wepesi zaidi kwenye kompyuta. Mwenye kalenda huamua nani ataona tu na nani ataweza kuandika. Kuanzia hapo, baba aliye kazini Kilindini na kijana aliye chuoni Nairobi huona lilelile analoliona mama jikoni. Swali la "mbona hukunikumbusha?" hukosa mahali pa kusimama.

Mambo yanayojirudia yaandikwe mara moja: madrasa ya Jumamosi, kodi ya kila mwezi, zamu ya kikundi cha akina mama. Jambo zito lipewe ukumbusho zaidi ya mmoja: wiki moja kabla ili kutafuta pesa, siku moja kabla ili kutayarisha karatasi, saa mbili kabla ili kuondoka nyumbani. Mtoto akizaliwa, ziandikwe siku hiyohiyo chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha za miezi 9 na 18, na tarehe zenyewe zihakikishwe katika kitabu cha kliniki.

Akina mama wenye siku za Ramadhani za kulipa wanaweza kuandika kada ya kila Jumatatu au Alhamisi katika kalenda zao wenyewe, na kufuta moja kila wanapofunga. Zitakazobaki zitajihesabu zenyewe, na Shaabani haitawakuta na wasiwasi.

Saa yetu na siku yetu

Simu haihesabu saa kama sisi. Saa mbili ya asubuhi kwake ni 8:00, na saa mbili ya usiku ni 20:00. Anayeandika 2:00 akikusudia saa mbili ataamshwa usiku wa manane, na miadi yake ya asubuhi itapita kimya. Dawa yake ni kuiweka simu katika mfumo wa saa 24, kisha kujumlisha sita kwa saa za asubuhi na mchana. Saa kumi ya Alasiri, kwa mfano, ni 16:00.

Siku nayo ina tofauti. Kwetu usiku hutangulia mchana, na usiku wa Ijumaa huingia kwa Magharibi ya Alhamisi. Mtu akialikwa katika kisomo cha usiku wa Ijumaa akaandika Ijumaa saa 20:00, atafika mikeka imekwisha kukunjwa. Katika kalenda ya simu aandike Alhamisi.

Kwa jamaa walio mbali, tuwatumie mwaliko kutoka kalendani badala ya kuwatajia saa kwa mdomo. Maskati na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja, na London iko nyuma kwa saa tatu au mbili kulingana na majira. Mwaliko hujigeuza wenyewe kwa saa ya kila mmoja, na akad ya nikaha haitampita dada aliye Omani.

Mwezi mwandamo

Katika mipangilio ya Kalenda ya Google kwenye kompyuta, mna sehemu ya kuongeza kalenda ya pili, na Hijria ni mojawapo ya zinazotolewa. Tukiichagua, tarehe ya Kiislamu huonekana kando ya ya Miladi. Lakini tukumbuke kuwa tarehe hizo zimetolewa kwa hesabu, wala hazikungoja mwezi kuonekana. Kwa hivyo Ramadhani na Idi tuziandike kwa kalamu ya kukisia, hadi tutakaposikia tangazo la Kadhi Mkuu.

Hapa pana jambo ambalo tungependa kila msomaji alizingatie. Zaka ya mali hukamilika kwa kupitiwa na mwaka wa mwandamo, ambao ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku zipatazo 11. Mwenye kuuweka ukumbusho wa zaka ujirudie "kila mwaka" katika simu huwa anaahirisha haki ya maskini siku 11 mwaka wa kwanza, 22 mwaka wa pili, na kuendelea, hata ifikapo kama miaka 33 awe ameruka zaka ya mwaka mzima. Basi ukumbusho huu usijirudie wenyewe. Kila tunapotoa zaka, tuitafute tarehe ileile ya Hijria katika mwaka ujao na kuiandika upya. Vivyo hivyo eda ya mjane, ya miezi minne na siku kumi, huhesabiwa kwa miezi ya mwandamo. Simu itusaidie kukumbuka, na hukumu tuwaulize wanavyuoni.

Stara na amana

Si kila jambo la nyumba ni la kila mtu wa nyumba. Miadi ya daktari na mambo ya faragha yakae katika kalenda ya mtu binafsi, wala yasiandikwe katika ile ya pamoja.

Mwisho, kila mmoja aimiliki akaunti yake. Akina mama wengi walifunguliwa barua pepe na kijana wa saiba au na shemeji, na nambari ya simu ya kuirejesha ni ya huyo aliyeifungua. Siku nenosiri litakaposahauliwa, mwenyewe atakuwa mgeni mlangoni pake. Tuingie katika mipangilio leo, tuweke nambari yetu, na tuliandike nenosiri mahali pa siri ndani ya nyumba. Tena akaunti isiachwe bure: isiyotumiwa kwa miaka miwili, Google inaweza kuifuta pamoja na yote yaliyomo.

Tusijaribu yote haya kwa siku moja. Wiki hii tuifungue kalenda ya "Nyumbani" na kuandika mambo matano tu yanayomlemea mama kuliko mengine. Wiki ijayo tuweke kichujio cha shule. Ahadi ni deni, na deni lililoandikwa huwa jepesi kulipwa, hasa likibebwa na watu wote wa nyumba.

Mwenyezi Mungu atubarikie nyakati zetu na atuwezeshe kuzitimiza ahadi zetu. Amin.