Lebo kwenye gunia la koltani inamlinda nani?

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: 

Wiki hii tunajibu barua. Imetoka kwa baba mmoja aliyechimba koltani huko Kivu kwa miaka kadhaa kabla vita havijamtoa. Jina lake na jina la machimbo tunayahifadhi. Anaandika kwamba kila gunia lililotoka shimoni lilifungwa lebo yenye namba, na waliambiwa lebo hiyo ni kwa ajili ya haki, kwamba wanunuzi wa nje hawataki tena mawe yenye damu. Lakini yeye alilipwa kwa kilo za mzani ambao hakuwahi kuusoma mwenyewe. Alikatwa pesa za vitu alivyotajiwa majina tu. Na siku alipokimbia, mwenye shimo alikuwa hajamlipa kazi ya wiki sita. Anauliza: lebo ile ilikuwa inamlinda nani?

Baba, tumeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Jibu lake si fupi.

Tuanze na gunia lenyewe. Mliofanya kazi hiyo mnayajua haya kuliko mimi, basi wavumilieni wenzenu. Koltani inatoka shimoni, inaoshwa, inapimwa. Mtumishi wa serikali anafunga lebo ya plastiki yenye namba na kuandika daftarini uzito, tarehe na jina la machimbo. Gunia linashuka mlimani hadi kwa mnunuzi wa kati, yule ambaye wengi wetu tunamwita negosiani. Hapo mzigo unasafishwa na kuchanganywa na mwingine, na unafungwa lebo ya pili. Kisha unakwenda kwa kampuni inayosafirisha nje, na kutoka hapo hadi kiwanda cha kuyeyusha madini, mara nyingi Asia. Kiwandani ndipo inapotoka tantali, metali inayotumika kutengeneza vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Simu uliyoishika inaweza kuwa na chembe yake.

Safari yote hiyo, kutoka shimoni hadi mfukoni, ndiyo wanayoiita mnyororo wa ugavi. Na kampuni iliyoko mwisho wa mnyororo inapoulizwa kile inachonunua kimetoka wapi na kimepatikana vipi, jambo hilo linaitwa ununuzi unaowajibika.

Mpango wa lebo unaojulikana zaidi katika nchi zetu unaitwa ITSCI. Ulianzishwa na vyama vya kimataifa vya kampuni za bati na tantali. Msukumo mkubwa ulitoka Marekani, kwenye sheria ya Dodd-Frank iliyotiwa saini Julai 2010. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani ziripoti kama bati, tantali, wolframu na dhahabu zinazotumia zimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, na kama biashara hiyo ililisha makundi yenye silaha. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni yake mwaka 2017, nayo ikaanza kuwabana waagizaji tarehe 1 Januari 2021.

Sikiliza vizuri sheria hizo zinauliza nini. Swali lao la kwanza ni hili: je, mwenye bunduki amepata pesa? Ni swali la haki kabisa. Wewe uliyelipishwa kwenye vizuizi vya barabarani unajua kwa nini. Lakini hilo si swali la baba aliyetuandikia. Yeye anauliza juu ya mzani, makato na wiki sita. Lebo inalifuata jiwe. Haimfuati mtu aliyelitoa.

[Muziki mfupi.]

Sasa tukumbuke mwaka 2010, kwa sababu wengi wenu mlikuwa kule. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011. Lakini ilipoondolewa, wanunuzi wengi wa nje hawakurudi. Kwao ilikuwa rahisi kuiambia dunia "hatununui Kongo" kuliko kuituma timu mlimani kuangalia. Bei ikaanguka. Karo za shule zikakosa kulipwa, wenye maduka karibu na machimbo wakafunga. Wenye silaha je? Wengi walihamia kwenye dhahabu, ambayo inafichika mfukoni na haina lebo.

Ninalisema hili kwa sababu kampuni hupenda kutangaza kwamba zimejitoa mahali fulani, na watu hupiga makofi. Wakati mwingine kujitoa ni sawa. Mwongozo uliotolewa na shirika la OECD mwaka 2011, ambao ndio msingi wa karibu mipango hii yote, unatofautisha. Mnunuzi akigundua hatari ya kweli ya utesaji, kazi ya kulazimishwa, aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, uhalifu wa kivita, au kwamba muuzaji wake anayasaidia makundi yenye silaha, anatakiwa asimamishe ununuzi mara moja. Lakini kwa matatizo mengine, kama vile rushwa au kodi zisizolipwa, anatakiwa abaki, aweke mpango wa kurekebisha pamoja na wauzaji wake, na aonyeshe maendeleo yanayopimika ndani ya miezi sita. Kukimbia kila penye shida si agizo la mwongozo huo. Ni uvivu tu uliovaa nguo ya haki.

Machimbo nayo hupewa rangi. Tume inakwenda, inaangalia, kisha inatangaza kijani, njano au nyekundu. Kijani maana yake hakuna wenye silaha, hakuna watoto wanaochimba, na hakuna mama wajawazito kwenye machimbo. Sipingi kumlinda mama mjamzito. Ninachouliza ni kwa nini kanuni inamwambia aondoke bila kumwambia atakula nini miezi hiyo.

Na je, lebo inafanya vizuri hata ile kazi yake ya kwanza? Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti likidai kwamba mawe kutoka machimbo yasiyoruhusiwa, mengine yakiwa chini ya watu wenye silaha, yalifungwa lebo na kuingia sokoni kama mawe safi. Wasimamizi wa ITSCI waliyakana madai hayo. Miaka miwili baadaye, Aprili 2024, M23 iliuteka mji wa Rubaya, huko Masisi, mahali panapotoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba ushuru wa koltani pale ulikuwa ukilipatia kundi hilo angalau dola 800,000 kwa mwezi. Jiwe lina uzito na thamani, na mpaka una vichochoro. Plastiki yenye namba haiwezi kushinda vyote hivyo peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo barua imeligusa bila kulitaja kwa jina: gharama. Lebo, wakaguzi na ofisi vinalipiwa kwa tozo juu ya kila tani inayosafirishwa. Msafirishaji akilipa, anapunguza bei anayompa negosiani. Negosiani anaishusha kwa mwenye shimo, naye anaishusha kwa aliye shimoni. Huyo wa chini kabisa hana wa kumshushia. Kwa hiyo baba, baadhi ya yale makato usiyoyaelewa yanaweza kuwa yalikuwa hayo. Ulikuwa unalipia lebo.

[Muziki mfupi.]

Kwa hiyo jambo hili haliwezekani? Hapana. Niwapeleke mbali kidogo, kwa wafanyakazi wengine kabisa, kwa sababu wao walipata kitu ambacho wachimbaji wetu hawajakipata.

Nchini Bangladesh, karibu na mji mkuu Dhaka, kulikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Ndani yake vilikuwamo viwanda vya kushona nguo zinazouzwa Ulaya na Marekani. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani. Kesho yake asubuhi wafanyakazi waliamriwa waingie kazini, na jengo likawaangukia. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake vijana. Baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi. Karatasi zilikuwapo.

Mwezi uliofuata, kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi vya kimataifa vilitia saini mkataba juu ya moto na usalama wa majengo. Ulikuwa na mambo ambayo lebo yetu haina. Kwanza, mnunuzi aliyesaini alifungwa kisheria, na asipotimiza angeweza kupelekwa mbele ya wasuluhishi ambao uamuzi wao unatekelezwa mahakamani. Mwanzoni mwa 2018 kampuni moja iliyopelekwa huko ilikubali kulipa dola milioni 2.3, sehemu kubwa kwa ajili ya kurekebisha viwanda. Pili, wanunuzi waliahidi kuendelea kuagiza Bangladesh kwa angalau miaka miwili ya kwanza, badala ya kuhamia nchi nyingine na kuwaacha washonaji bila kazi. Tatu, mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia jengo analoliona ni la hatari. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa, na ripoti zikawekwa wazi kila mtu asome.

Mishahara ya washonaji ilibaki midogo, hilo msilisahau. Lakini angalia ni nani walioketi mezani: mnunuzi upande mmoja, wawakilishi wa wafanyakazi upande wa pili. Kwenye gunia la koltani, mchimbaji hakuketi popote. Kwa karatasi yeye hata si mwajiriwa wa mtu. Sheria ya madini ya Kongo, tangu marekebisho ya 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe ndani ya chama cha ushirika kilichosajiliwa. Kama ushirika ungekuwa wa wachimbaji kweli, wangeweza kudai mzani wazi na bei iliyobandikwa ukutani. Vingine ni hivyo. Vingine ni vya mkubwa mmoja na ndugu zake, na mchimbaji anajuzwa tu kwamba yeye ni mwanachama.

[Muziki mfupi.]

Sasa turudi kwa baba na wiki zake sita. Nitasema ukweli, kwa sababu kambini ahadi za uongo tumeshazisikia za kutosha. Hakuna mlango ninaoujua ambao utaubisha leo ukalipwa deni hilo kesho.

Mahakamani je? Mwaka 2019 familia za Kongo zilizopoteza watoto kwenye machimbo ya kobalti zilizishtaki kampuni kubwa za teknolojia huko Marekani. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua dhidi yao. Ilisema kwamba kununua madini kupitia mnyororo mrefu hakutoshi kuifanya kampuni kuwa mshirika wa yaliyotendeka machimboni. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni zake kubwa sana ziandike na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara katika minyororo yao, na aliyeumia anaweza kudai mbele ya mahakama za huko. Kesi za namna hiyo huendeshwa kwa miaka, na huhitaji shirika na wakili.

Mlango mwepesi zaidi, ingawa hauna nguvu nyingi, ni wa malalamiko. Nchi zilizokubali miongozo ya OECD, zikiwamo Marekani, Ujerumani, Ubelgiji, Uingereza na Japani, zinalazimika kuwa na ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya kampuni zao. Kongo, Tanzania, Uganda na Kenya hazimo. Huhitaji kuwa raia wa nchi hizo, wala huhitaji wakili. Ofisi hiyo inaweza kuziita pande mbili zizungumze na kutoa taarifa kwa umma, lakini haiwezi kuilazimisha kampuni ilipe. Mara nyingi malalamiko hupelekwa na mashirika ya haki za binadamu yaliyokusanya maelezo ya watu wengi.

Hapo ndipo maelezo yako yana thamani. Andika ukiwa bado unakumbuka: machimbo, miaka, nani alikuwa anapima, ulikatwa nini, nani alipita kuchukua ushuru, nani aliumia shimo lilipoporomoka na nini kilifanyika kwa familia yake. Tafadhali, usiyatume hayo kwenye kundi la WhatsApp. Usitaje jina la ndugu aliyebaki kule. Mtu akija kambini na kalamu akitaka kukuhoji, muulize anatoka wapi, maelezo yatakwenda kwa nani, na kama unaweza kukataa jina lako lisiandikwe. Ukiwa na wasiwasi, zungumza kwanza na maofisa wa ulinzi wa UNHCR kambini kwako. Hawakusanyi madeni, lakini usalama wako ni kazi yao.

Kwa vikundi vya usikilizaji: mama waliokuwa wakiosha na kusafisha mchanga wa madini hawamo kwenye barua ya leo, na daftari la lebo nalo halikuwaandika. Waanzeni wao kuzungumza wiki hii. Tuleteeni mliyoyasikia kupitia sanduku la barua la kikundi, bila majina.

[Muziki wa kipindi. Mwisho.]