Aliyeishia la saba ana kazi, mwenye digrii hana: takwimu zinasemaje?

Fika Feri alfajiri, mnada wa samaki ukiwa umechangamka, halafu jaribu kuhesabu watu waliokaa bure. Utachoka. Huyu anapara samaki, yule kabeba ndoo, mwingine anauza barafu, mama ntilie kashawasha moto. Si ajabu wengi ukiwauliza shule wakakujibu, "niliishia la saba." Sasa rudi mtaani kwako saa nne asubuhi: kuna kijana ana digrii, yupo nyumbani anatuma maombi ya kazi.

Je, kusoma kunaua ajira? Twende taratibu.

Kiwango cha ajira ni hesabu rahisi: chukua watu wazima wenye kazi, gawanya kwa watu wazima wote, zidisha kwa 100. Utata upo kwenye maneno "wenye kazi". Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), ukifanya kazi ya malipo au faida kwa walau saa moja ndani ya wiki inayoulizwa, basi una ajira. Saa moja tu! Kibarua aliyebeba ndoo mbili wiki nzima na meneja wa benki pale Posta wanaingia kapu moja.

Ili uhesabiwe huna ajira, kigezo cha kimataifa kinataka usiwe na kazi, uwe tayari kuifanya, na uwe unaitafuta. Kutafuta nako kunahitaji mtu wa kukulisha. Mwenye digrii huenda ana mjomba wa kumshikilia miezi sita. Wa Feri ambaye hajawahi kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii hana fao la kukosa ajira. Asipotoka leo, watoto hawali leo. Kwa kifupi, hana uwezo wa kukosa kazi.

Marekani picha ni kinyume: wasiomaliza sekondari ndio wenye kiwango kidogo cha ajira. Kule kazi nyingi ni za kuajiriwa, na mwajiri anataka cheti. Kariakoo nani atakuuliza cheti ili usukume mkokoteni?

Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa pia kipimo cha kitaifa, kipana kidogo, kinachowagusa hata wenye kazi za kubahatisha. Kwa kipimo hicho, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.3 mwaka 2014 na 9.0 mwaka 2020/21.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016. Aliyemaliza la saba mwaka 2005 hakuikuta bahati hiyo, na leo ndiye anayepara samaki wako.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba "ajira ziko juu", uliza matatu: saa ngapi kwa wiki, kwa kipato gani, na akiugua kesho nani atamlipa?