Saa Mbili Mfukoni

Saa tano asubuhi, kituo cha mabasi Mbezi, Dar es Salaam, nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya furushi lake. Ujumbe wa tiketi ya Iringa ulisomeka 06:00. Alisoma saa sita, akawahi kwa saa nzima, naye kumbe ameachwa tangu saa kumi na mbili alfajiri. “Mwanangu, si imeandikwa sita hapa?” aliniuliza, akinisogezea simu.

Imeandikwa sita, na Kiswahili chake hakina kosa. Sisi huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo wakati wa jua kuchomoza hautofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima. Ukiambiwa saa tatu asubuhi, umeambiwa mchana una umri gani.

Saa ya mishale ilituachia nafasi. Babu yangu alisoma namba inayotazamana na mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye saba, yeye husema saa moja. Hakupiga hesabu yoyote, jicho lilivuka tu upande wa pili. Tarakimu za simu hazina upande wa pili.

Ukiiweka simu katika Kiswahili, itakuandikia Jumatano na Alhamisi vizuri kabisa, lakini jioni itaonyesha 19:00. Kalenda nayo huanza Jumapili au Jumatatu, ilhali Jumamosi inajitaja yenyewe kuwa ya mosi. Maneno yamefasiriwa, hesabu imeachwa nje. Hilo linaniuma kuliko tahajia mbovu, maana namna ya kuhesabu wakati ni elimu, na elimu isiyotumika kwenye chombo tunachokitazama kutwa hufifia bila mtu kuikataza. Siku hizi nikimwambia binti yangu tukutane saa moja, huniuliza: ya simu au ya watu?

Simu hiyohiyo hukuruhusu kuchagua saa 12 au 24. Chaguo la tatu lingetaka kuongeza au kupunguza sita tu. Kazi hiyo ndogo mashine haikupewa. Tunaifanya sisi, kila siku, kichwani.

Yule mama alikata tiketi nyingine ya kesho yake. Ujumbe ukaingia: 06:00. Aliniomba kalamu, akaandika kiganjani, taratibu: kumi na mbili alfajiri.