Andalio la Somo Ni la Nani?

Ndege ishukapo katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, mwalimu afundishaye katika wadi ya Airport, Changamwe, hana budi kunyamaza hadi mngurumo upite. Hakuna chuo kilichonifunza desturi hiyo. Niliipata darasani.

Niliikumbuka nilipopewa mwalimu mwanagenzi nimlee katika mazoezi yake ya kufundisha. Somo lilikuwa la Kiswahili, kusikiliza na kuzungumza, na andalio lake lilipangwa dakika kwa dakika. Ndege ikapita. Watoto wakaanza kubishana kama inatoka Nairobi au Ulaya, kila mmoja akitoa hoja zake kwa Kiswahili fasaha ajabu. Mwalimu akawanyamazisha, ili somo la kuzungumza liendelee!

Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa upole, "Mwalimu, mkufunzi angeingia wakati ule, angenipa alama ngapi?" Sikuwa na la kumwambia, kwani andalio lile nililitia sahihi mimi.

Wapo watakaosema kwamba binti huyu hajaelewa mtaala wa umilisi. Sikubaliani nao. Mwanasaikolojia wa Kirusi, Leontiev, alitoa mfano wa msakaji ambaye kazi yake ni kuwatimua wanyama, ilhali anataka kula nyama. Kitendo chake, kikitazamwa peke yake, ni upuuzi. Hupata maana tukijua kwamba mbele kuna wenzake wanaovizia. Mnamo 1987, Yrjö Engeström wa Finland aliipanua nadharia hiyo ya utendaji, akatutaka tumtazame mtendaji pamoja na zana zake, lengo lake, kanuni zinazomfunga, jumuiya yake na mgawanyo wa kazi. Mabadiliko, kwa maoni yake, huzaliwa pale sehemu hizo zinapogongana.

Hapa kwetu zana zimebadilishwa kwa kishindo. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Mwaka 2021 stashahada ya miaka 3 ikachukua nafasi ya cheti cha P1 kilichosomewa miaka 2. Mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa 2023. Lakini mgawanyo wa kazi ni ule ule: mwanagenzi hutenda, mkufunzi hukadiria, na mwalimu mlezi, anayewajua watoto kwa majina na kwa nyumba zao, hutia sahihi tu. Katika mpango huo andalio si zana ya kuwafunza watoto tena. Limegeuka kuwa lengo lenyewe, nao watoto wamekuwa zana ya kulikamilisha.

Mwenye shaka na atazame mwisho wa andalio, penye nafasi ya maoni ya mwalimu baada ya kipindi. Mwanagenzi wangu alikuwa ameandika, "Somo limefaulu, wanafunzi wameshiriki vyema." Wino ulikuwa umekauka tangu asubuhi. Nami, nikiwa chuoni enzi za 8-4-4, niliandika maneno hayo hayo kila siku.

Ombi langu kwa vyuo vya ualimu si semina nyingine. Mkufunzi ajapo, na aanzie pale chini pa maoni. Na aketi na mwanagenzi pamoja na mwalimu mlezi, aulize ni wapi andalio liliachwa na ni nani aliyesababisha liachwe, kisha alama zake azitoe hapo.