Daftari la Majina Ndani ya Kompyuta

Mtu anayetafuta nyumba katika vichochoro vya Kiponda au Mkunazini, Mji Mkongwe, ana njia mbili: kumwuliza sheha, au kufungua daftari lake ikiwa alikwisha kuandika mahali ilipo. Kompyuta nayo ina njia hizo hizo. Mashine hutambuana kwa nambari, ilhali binadamu hupendelea majina. Kwa hiyo kila tuandikapo jina, kompyuta hapana budi itafute nambari yake. Mara nyingi huuliza seva za majina zilizo mbali. Lakini kabla ya kuuliza, hutazama faili lake dogo liitwalo hosts.

Faili hili lina umri kuliko seva hizo. Katika miaka ya 1970, kompyuta za mtandao wa ARPANET wa Marekani ziliorodheshwa pamoja na nambari zake katika faili moja, lililotunzwa California na Elizabeth Feinler na wenzake, na kila kituo kilinakili. Mtandao ulipopanuka, orodha ikalemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa seva za majina. Daftari, hata hivyo, halikutupwa.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota mno. Sasa tuchukue shule moja ya Unguja yenye seva ya vitabu na mitihani ya zamani, iliyounganishwa kwa waya na kompyuta za wanafunzi. Seva imo chumba hicho hicho; lakini ikiwa jina lake huulizwa ng'ambo, siku ya maafa kama hayo haitapatikana! Mstari mmoja katika kila kompyuta huondoa udhia huo:

192.168.1.10 maktaba.shule

Intaneti hairudi kwa mstari huo, ila vitabu vitasomeka. Wengine huzuia matangazo kwa kulipa jina la mtangazaji nambari 0.0.0.0, isiyofika popote.

Katika Linux faili ni /etc/hosts. Katika Windows limo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Kulibadili kwahitaji idhini ya msimamizi, na kwa haki kabisa, maana programu haribifu ikipenya humo yaweza kulielekeza jina la benki kwenye mashine ya mwizi. Kadhalika seva ya shule ikipewa nambari mpya, mstari wa zamani hautajirekebisha. Mwalimu apite kompyuta moja baada ya nyingine aufute.