Mtungi Uliozeeka ni wa Nani? Swali la Wenzetu wa Rusizi

Wenzetu wanaouza gesi ya kupikia mjini Kamembe, wilaya ya Rusizi, wametuletea swali ambalo kwa kulitazama haraka ni dogo. Mteja akileta mtungi mtupu ulioliwa na kutu, naye mwenye duka akasema, "Upokee, mpe uliojaa," je, kijana wa duka anayo haki ya kukataa? Tulidhani tungejibu kwa mistari miwili. Tulipoanza kuulizauliza tukaona kuwa mistari miwili haitoshi.

Kwanza tuitazame njia ya gesi yenyewe. Rwanda haichimbi gesi hii. Inaletwa kwa malori ya tangi kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, safari ya kilometa 1,500 hivi au zaidi, mpaka Kigali. Kutoka Kigali mitungi iliyojaa hupakiwa tena, ikakatisha msitu wa Nyungwe na kushuka Kamembe, kilometa nyingine zaidi ya 200. Mitungi mitupu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Basi mtungi mbovu ukiwa Rusizi haumaanishi kero ya kiwandani tu, bali nafasi katika lori, mafuta ya lori, na fedha ya mwenye duka iliyolala. Hapo ndipo kishawishi kinapoanzia.

Wako wanaouliza kwa nini tuhangaike na gesi ya Dar es Salaam ilhali Ziwa Kivu liko mlangoni. Ni kweli ziwa lile lina gesi nyingi ya methani, na huko Karongi mtambo wa KivuWatt huigeuza kuwa umeme. Lakini methani si propani wala butani. Propani hugeuka maji ikishindiliwa kidogo tu, ndiyo maana mtungi mwembamba wa chuma huimudu. Methani haikubali kugeuka maji katika joto letu la kawaida hata uishindilie vipi. Kuiweka mtunguni hutaka presha kubwa mno na chupa nzito za namna nyingine kabisa. Anayesema atakujazia gesi ya ziwa katika mtungi wako wa jikoni, mkimbie.

Sasa mtungi wenyewe. Siku ya joto la nyuzi 40, propani iliyomo ndani husukuma kuta zake kwa presha ya karibu mara 13 ya hewa tunayovuta. Hufanya hivyo mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi, huku mtungi ukibwagwa kutoka kwenye lori, ukiviringishwa juu ya mawe na kuwekwa penye unyevu. Kutu haianzi tumboni ambako kila mtu huona. Huanzia kitakoni, ndani ya ile pete ya kusimamia, mahali ambapo maji ya kupiga deki hutuama. Yule anayeubeba mtungi begani anaijua pete ile kuliko meneja yeyote, kwa kuwa ndiyo inayomkwaruza shingo.

Kwa sababu hiyo kila mtungi halali hupigwa mhuri kwenye chuma, karibu na kishikio cha juu: uzito wake ukiwa mtupu, na mwezi na mwaka uliopimwa. Nchi nyingi hutaka upimwe upya kila baada ya miaka 10, nyingine 15. Kupima si kupaka rangi mpya. Mtungi hutolewa gesi yote, valvu ikafunguliwa, kutu na rangi ya zamani vikaondolewa, kisha mkaguzi akaangalia ndani na nje, hasa penye maungio yaliyochomelewa. Ndipo hujazwa maji na kushindiliwa kwa presha kubwa kuliko ile itakayoupata kazini. Hutumika maji kwa sababu mtungi ukipasuka ukiwa na maji humwagika tu. Ukipasuka ukiwa na hewa huua. Ukifaulu hukaushwa, hupewa valvu nzima na mhuri wa tarehe mpya. Ukishindwa hukatwa au hupondwa, usirudi tena sokoni kwa mlango wa nyuma.

Huko Marekani, ambako watu husafiri na magari yaliyo nyumba, yenye kitanda na jiko, mtungi wa kubebeka hupewa miaka 12 ya kwanza, na baada ya hapo ukikaguliwa kwa macho tu hupewa miaka mitano mitano. Tarehe ikipita, mjazaji hana ruhusa ya kuujaza, hata mteja awe amesafiri siku nzima. Tena tangu Aprili 2002 mitungi midogo isiyo na valvu ya kuzuia kujaa kupita kiasi haijazwi. Tunalitaja hili kwa sababu moja: huko mjazaji anapokataa, sheria iko nyuma yake. Hakatai kwa ushujaa wake.

Kwetu tatizo linaanzia kwenye kubadilishana. Mteja huleta mtupu na kuchukua uliojaa, akaenda zake. Mtungi wa leo si mtungi wa jana. Mnunuzi hana sababu ya kuutunza, kwa kuwa kesho utakuwa wa mwingine. Mjini mpakani kama Kamembe, ambako Bukavu ni ng'ambo ya daraja, mtu huweza kuleta mtungi wenye jina ambalo duka halijawahi kulisikia. Kenya waliionja taabu hii. Kanuni za mwaka 2009 zililazimisha mitungi yote iwe na valvu ya namna moja na ibadilishwe kokote. Ilikuwa nafuu kwa mnunuzi. Lakini mtungi ukipita mikononi mwa makampuni kumi, ni nani atalipia kuupima? Wajazaji wasio na leseni nao wakajipenyeza humo. Mwaka 2019 Kenya iliufuta utaratibu ule: anayetaka kujaza mtungi wenye jina la mwenzake sharti apate idhini yake kwa maandishi.

Kanuni peke yake haikutosha. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi jijini Nairobi, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia kilichokuwa katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ilieleza kuwa maombi ya kujenga kituo mahali pale yalikuwa yamekataliwa. Hatusemi mtungi mkuukuu ndio ulioleta msiba ule. Tunasema kuwa palikuwa na wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini pale kila siku.

Jingine linalofanana nalo, na hili tunaliona karibu kila mji, ni kumiminia gesi nyuma ya duka: mtungi mkubwa hupinduliwa kichwa chini, mdogo ukajazwa kwa mpira bila mizani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inayovuja haiendi juu. Hutambaa sakafuni ikatafuta mfereji, na jiko la mama ntilie liko hatua kumi tu. Na mtungi uliojazwa mpaka juu hauachi nafasi ya gesi maji kutanuka jua likiuwakia.

Sasa jibu. Desemba 2021 mamlaka ya Rwanda, RURA, iliweka bei ya juu ya faranga 1,260 kwa kilo. Tuliiunga mkono, maana mpishi hawezi kuacha makaa kwa maneno matupu. Lakini bei ikifungwa, mfanyabiashara hutafuta faida kwingine, na gharama ya kupima mitungi haionekani dukani. Msimamo wetu ni kuwa gharama hiyo ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa tumboni mwa mtungi. Isikatwe katika mshahara wa kijana wa duka, wala asitozwe mbebaji kwa kuwa mtungi "umeharibikia mkononi mwake."

Na ndiyo, anayo haki ya kukataa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejitenga na kazi ambayo ana sababu ya kweli ya kuamini kuwa ni hatari kubwa iliyo karibu. Juni 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo misingi yake kila nchi mwanachama yapasa kuiheshimu hata kama haijauridhia.

Tumewashauri wenzetu wa Kamembe wanunue daftari moja. Kila mtungi waliokataa waandike jina lililo juu yake, mwezi na mwaka wa mhuri, kasoro yake, na jina la aliyeamuru upokelewe. Mtungi wenyewe utiwe alama ya chokaa na kuwekwa uani, mbali na moto, usubiri lori. Daftari likifika kurasa tano watuletee. Tutakwenda nalo Kigali.